Je, Waasi wa 1964 Wote Walikuwa Wakomunisti?

Mwishoni mwa mwezi wa Agosti 2024, mzee mmoja katekista wa hapa Kindu alinijia baada ya Misa. Alikuwa amesikia katika radio kwamba Eklezya imewatangaza wenye heri wanne huko Uvira, tarehe 18 ya mwezi ule. Akaniuliza hivi: «Padri, baba yangu alikuwa karani. Wakomunisti walimwua hapa Kindu mwaka 1964, mimi nikiwa bado mgongoni mwa mama. Baba naye alikuwa mkristu. Je, si shahidi kama wale wa Uvira?»

Nilimjibu: «Mwalimu, unipe siku chache.» Kusema kweli siku chache hazikutosha.

Fratri yeyote aliyeanza teolojia anajua namna Eklezya inavyopima jambo hili. Haitoshi kwamba marehemu alikuwa mkristu, wala haitoshi kwamba alikufa bila kosa. Inatakiwa aliyemwua awe amefanya hivyo kwa kuichukia imani, *in odium fidei*. Basi hatuna budi kuuliza pia juu ya muuaji: alikuwa na nini moyoni? Alifundishwa nini, tena na nani? Hapo ndipo neno la mzee wetu, «wakomunisti», linapotutia katika shida. Sisi mapadri tumelitumia sana katika mahubiri, na watu wamelipokea kwetu bila kulichungua. Nalo linafunika mambo mengi yasiyofanana.

Hata jina la vita lenyewe linatupoteza. Wazee wa Maniema husema «wakati wa Mulele». Kumbe Pierre Mulele alipigana Kwilu, mbali sana upande wa magharibi, na katika vita ile hakukanyaga kwetu. Kilichofika kwetu ni jina lake tu, likiwa limekwisha geuka kuwa dawa: askari waasi walipiga kelele «Mai Mulele!» wakiamini kwamba risasi za adui zitakuwa maji.

Tuanze na jambo lililowatoa watu Bungeni. Uchaguzi wa Mei 1960 uliipa parti ya Patrice Lumumba, yaani MNC-Lumumba, nguvu nyingi katika inchi, na hapa Maniema ilishinda sana. Lumumba akawa Ministri wa kwanza, akaondolewa mwezi wa Septemba, akauawa Katanga tarehe 17 Januari 1961. Wafuasi wake hawakuenda porini mara moja. Mwaka ule ule wa 1961 walikubali kukutana pamoja na wengine kule Lovanium, wakaingia katika serkali ya Cyrille Adoula. Lakini tarehe 29 Septemba 1963 Prezidenti Kasavubu alilifunga Bunge. Siku chache baadaye wengi wao wakawa wamekwisha vuka mto hadi Brazzaville, na tarehe 3 Oktoba wakaunda Conseil National de Libération, yaani Baraza la Taifa la Ukombozi, CNL. (Kule Brazzaville wenyewe walikuwa wametoka kumwangusha prezidenti wao, Padri Fulbert Youlou, ambaye Askofu wake alikuwa amemkataza zamani kusoma Misa. Mafratri wanaotamani kuingia siasa wasisahau habari ile.)

Mtu akifungiwa mlango wa nyumba ya mashauri, atatafuta mahali pengine pa kusemea. Ndivyo siasa ya Kongo ilivyoingia porini, na huko porini ndiko maneno ya usosialisti yalikoanza kusikika kwa nguvu. Lakini kila kundi liliyatamka kwa namna yake.

Usosialisti kwa kifupi ni fundisho linalotaka mali kubwa ya inchi, mashamba, migodi na viwanda, iwe mikononi mwa watu wote pamoja, si mikononi mwa matajiri wachache. Karl Marx aliongeza mambo mawili: kwamba historia yote ni vita kati ya wenye mali na wasio nayo, na kwamba dini ni kitu cha kumtuliza maskini asione minyororo yake. Anayeshika la kwanza bila haya mawili ni mtu wa namna moja. Anayeshika yote matatu ni mtu wa namna nyingine. Jirani zetu wa Tanzania walimwona Mwalimu Nyerere, mkatoliki mwenye kusali, akitangaza ujamaa wake Arusha mwezi wa Februari 1967, na hakuna aliyemwondoa katika Komunyo.

Na Lumumba je? Wabelgiji wengi walimwita mkomunisti, na mapadri wengi wakafuata. Yeye alikana mara nyingi, na ukisoma maneno yake utaona kwamba alisema kweli. Fundisho lake lilikuwa Kongo moja, huru, isiyogawanywa kwa makabila. Aliomba msaada wa Warusi baada ya wengine kumnyima, na kuomba mkopo kwa jirani si kuingia katika dini yake. Tukumbuke pia kwamba katika ujana wake alikuwa karani wa kompani ya madini hapa kwetu Maniema, kiisha karani wa posta Stanleyville. Nitairudia habari hii ya ukarani.

Mulele ni jambo jingine kabisa. Alikuwa ministri wa masomo katika serkali ya Lumumba. Kiisha alikwenda China kujifunza vita ya porini, akarudi kwa siri Kwilu mwaka 1963. Kabla ya kupiga risasi alifundisha. Aliwakusanya vijana msituni akawaeleza kwamba katika Kongo kuna makundi mawili: wageni na wakubwa wa serkali wanaokula jasho la wengine, na watu wa vijiji wanaoliwa. Aliwapa amri za kushika, nazo zinajulikana zilitoka kwa Mao: mheshimu kila mtu, usiibe kitu cha mwanakijiji, ulichokiazima ukirudishe, usiharibu shamba la mtu, umheshimu mwanamke, usimtese mateka. Padri atakayezisoma atajiuliza kama hazikutoka katika daftari la katekisimu. Na hata hivyo, mwezi wa Januari 1964, vita ilipoanza tu, mapadri watatu Waoblati wa Maria waliuawa Kilembe, katika inchi ile ya Mulele. Amri nzuri zilikuwako, na watu wa Mungu wakafa. Mulele mwenyewe alidanganywa mwaka 1968 kwamba amesamehewa, akarudi Kinshasa, akauawa.

Jambo moja la Kwilu lilisafiri mpaka kwetu kuliko mafundisho ya Mao: neno «uhuru wa pili». Padri Willy de Craemer, Mjesuiti, pamoja na mwalimu Renée Fox wa Marekani, walilieleza vizuri mwaka 1965. Wanakijiji walisema: uhuru wa kwanza waliupata wakubwa, wakaingia katika nyumba za Wazungu na magari yao, nasi tukabaki na kodi na barabara mbovu. Basi inatupasa kupata uhuru wa pili. Neno hili halina Marx ndani yake. Lilizaliwa katika tumbo lenye njaa, nalo ndilo lililowasha moto Maniema.

Hapa kwetu mambo yaliletwa na Gaston Soumialot, ambaye watu wa Kindu walimjua tangu zamani za uchaguzi, maana aliiongoza MNC-Lumumba katika Maniema. CNL ilimtuma Burundi mwanzoni mwa 1964. Uvira ilianguka mwezi wa Mei, Albertville (ndiyo Kalemie ya leo) mwezi wa Juni, na mwishoni mwa Julai askari walioitwa Simba, wakiongozwa na Nicolas Olenga, wakaingia Kindu. Mwanzoni mwa Agosti walikuwa Stanleyville, na mwezi wa Septemba Christophe Gbenye akatangaza huko Jamhuri ya Watu wa Kongo.

Walifundisha nini? Nimetafuta, na karibu sikupata kitu. Mwalimu Benoît Verhaegen, aliyeandika mwaka 1969 kitabu kizima juu ya uasi katika Maniema, anaonyesha watu waliokuwa na hasira nyingi, jina la Lumumba, dawa, na mipango michache sana. Hawakugawa mashamba kwa utaratibu mpya. Hawakuandika sheria ya migodi, ingawa Kalima na bati yake ilikuwa karibu. Wakubwa wa CNL waligombana wao kwa wao tangu Brazzaville, Gbenye upande huu na Bocheley-Davidson upande ule, wala ugomvi ule haukuwa juu ya Marx. Ulikuwa juu ya kiti na juu ya fedha za msaada. Walipokea msaada wa China, wa Warusi, wa Misri, wa Algeria, kila mmoja akipokea kwa aliyempa. Ernesto Che Guevara wa Cuba alipofika kando ya Ziwa Tanganyika mwezi wa Aprili 1965, na watu wake zaidi ya mia moja wakimfuata, alikuta askari wanaotumaini dawa kuliko mazoezi, na wakubwa wanaokaa ng'ambo ya ziwa. Mwezi wa Novemba akaondoka. Yeye alikuwa mkomunisti wa kweli, na ndiye aliyeona upesi kwamba wale hawakuwa.

Lakini walikuwa na adui, na adui yule alikuwa na jina: PNP. Parti National du Progrès ilikuwa parti iliyoundwa mwaka 1959 na kupendwa na Wabelgiji, na watu waliicheka wakisema ni «pene pene na mundele», watu wa karibu na Mzungu. Mwaka 1964 parti yenyewe ilikuwa karibu imekufa, lakini jina lake likawa hukumu. Karani alikuwa PNP. Mwalimu wa shule, hakimu, chifu, mwenye viatu vizuri na kalamu mfukoni, wote PNP. Hapa Kindu waliuawa kwa mamia, na wengi wao waliitwa kwa neno moja la kifransa, *intellectuels*. Lumumba mwenyewe, kama angalikuwa kijana wa posta siku zile bila jina lake, sijui kama angalipona.

Hapa nataka ndugu zangu mapadri wakae kidogo. Kwa nini chuki ile iliwaangukia watu wa kalamu, na kwa nini Maniema zaidi? Kila mmoja ataje sababu zake: pamba ya lazima, mishahara isiyofika, wadepute waliojiongezea mshahara tangu 1960. Zote ni za kweli. Lakini iko moja ambayo hatupendi kuitaja. Tangu vita ya Wabelgiji na Waarabu, miaka ya 1892 mpaka 1894, serkali ya kikoloni iliwashuku Waislamu wa Kasongo, Nyangwe na Kindu. Shule zilizopata fedha za serkali zilikuwa karibu zote za misioni, na ndipo mwaka 1954 tu ministri Buisseret alipoanza kufungua shule za serkali kwa Waafrika. Mtoto wa Kiislamu aliyetaka kusoma alipaswa kupita mlango wetu, na baba wengi hawakukubali. Miaka sitini namna hii. Matunda yake ni kwamba makarani na walimu wengi walikuwa watoto wa shule zetu, na nyumba nyingi za muji huu hazikuwa na karani hata mmoja. Sisemi kwamba Waislamu ndio walioua. Simba walikuwamo wabatizwa wengi, na Waislamu pia waliuawa. Ninasema tu kwamba hasira juu ya kalamu haikutoka Peking. Ilikuwako hapa Lualaba kabla ya Mchina wa kwanza kufungua ubalozi Bujumbura.

Kindu ilichukuliwa tena na askari wa serkali pamoja na mamluki Wazungu mwezi wa Novemba 1964. Wao pia waliua, na waliouawa nao hawajahesabiwa vizuri.

Yako makundi mawili mengine ya kutaja. Antoine Gizenga, aliyepita seminari ndogo ya Kinzambi na seminari kubwa ya Mayidi kabla ya kuingia siasa, aliunda mwaka 1964 Parti Lumumbiste Unifié, PALU. Parti hii haikupigana porini. Chini ya Mobutu, alipokataza parti zote isipokuwa MPR yake, iliishi kwa siri na uhamishoni, ikingoja. Usosialisti wake ulikuwa wa maneno makali na mikono mitupu. Baada ya uchaguzi wa 2006 Gizenga, mzee wa miaka themanini na zaidi, akawa Ministri wa kwanza, na migodi haikugeuka mali ya watu wote.

La pili ni parti ya Laurent-Désiré Kabila, aliyekuwa msaidizi wa Soumialot upande wa mashariki. Tarehe 24 Desemba 1967, katika milima ya Fizi, aliunda Parti de la Révolution Populaire, PRP. Hii ndiyo parti ya kwanza ya upande wetu iliyojitangaza waziwazi kuwa ya Marx na Lenin. Ilifundisha kwamba uasi wa 1964 ulishindwa kwa sababu watu walipigana bila kufundishwa siasa, wakitumaini dawa na wageni. Walifungua masomo kwa watu wao, wakaunda serkali ndogo milimani, na kuuza dhahabu na pembe ili waishi. Jeshi la Mobutu halikuwamaliza, nao hawakuenea. Mwaka 1975 waliwateka wanafunzi wageni ng'ambo ya ziwa, Gombe, Tanzania, wakadai fedha. Tangu hapo dunia iliwajua kwa jambo lile kuliko kwa mafundisho yao. Mwaka 1996 PRP iliingia katika AFDL, na mwaka uliofuata Kabila akaingia Kinshasa. Wazee kidogo kati yetu wanakumbuka «semina za itikadi» za siku zile (neno letu, semina, walituazima bila kuomba), na kamati za nguvu ya watu za 1999. Alipouawa mwezi wa Januari 2001, mafundisho yale yalizimika pamoja naye.

Sasa tutazame Eklezya imesema nini, maana katika mahubiri wengi wetu husimama kwenye hatua moja na kusahau nyingine. Leo XIII mwaka 1891 aliwatetea wafanyakazi, akakataa usosialisti. Pio XI mwaka 1931 alikuwa tayari ameona kwamba usosialisti umegawanyika, wa ukali na wa upole. Hata hivyo akasema kwamba mtu hawezi kuwa mkatoliki mwema na msosialisti wa kweli kwa wakati mmoja. Mwaka 1937 aliuhukumu ukomunisti usiomjua Mungu. Mahubiri mengi niliyoyasikia yanaishia hapo. Lakini Yoane XXIII, katika *Pacem in terris* ya 1963, mwaka ule ule Bunge letu lilipofungwa, alifundisha kwamba fundisho potovu ni kitu kimoja, na mwendo wa watu uliozaliwa nalo ni kitu kingine. Fundisho likiandikwa halibadiliki, watu hubadilika, na katika mwendo wao yaweza kuwamo mema. Paulo VI mwaka 1971, katika *Octogesima adveniens*, akapambanua zaidi: iko tamaa njema ya haki, yako makundi yenye siasa na historia, na iko itikadi inayodai kumweleza mtu wote bila Mungu. Mkristu ayapambanue, asiyachanganye, wala asidhani kwamba hayana kamba inayoyaunganisha.

Pima kwa kipimo hiki. Mwanakijiji aliyelilia uhuru wa pili alikuwa na ile tamaa ya kwanza. Simba wa Kindu walikuwa kundi, nalo lilimwaga damu. Itikadi kamili utaipata kwa Che, kwa sehemu kwa Mulele, na baadaye kwa PRP. Karani wa Kindu hakuuawa na itikadi ile, maana siku ile haikuwapo hapa.

Na wale wanne wa Uvira? Tarehe 28 Novemba 1964, siku nne baada ya askari wa miavuli wa Ubelgiji kushuka Stanleyville, Bruda Vittorio Faccin na Padri Luigi Carrara waliuawa Baraka, na Padri Giovanni Didonè pamoja na Padri Albert Joubert waliuawa Fizi. Watatu ni Wasaveriani kutoka Italia. Padri Joubert ni wa inchi hii, baba yake Mfaransa na mama yake Mwafrika. Padri Carrara alikuwa akiungamisha aliposikia risasi. Alipoamriwa kupanda gari alikataa, akapiga magoti kando ya mwili wa bruda wake. Aliyewapiga, Abedi Masanga, hajulikani kwa kusoma vitabu vya Marx. Eklezya haikuuliza kadi ya parti yake. Ilitazama mahali alipokwenda, nao ni misioni, na watu aliowatafuta, nao ni watu wa Mungu. Ndivyo ilivyokuwa pia kwa Mwenye heri Anuarite, aliyeuawa Isiro tarehe 1 Desemba 1964: Kolonele Olombe hakumwua kwa sababu ya Lenin.

Nilirudi kwa mzee wetu baada ya majuma matatu. Nilimweleza haya yote, kwa maneno mafupi kuliko haya. Nilimwambia kwamba kadiri ninavyoona, baba yake hakuuawa kwa chuki ya imani, wala hakuuawa na wakomunisti. Aliuawa kwa sababu alikuwa karani. Alinyamaza sana, nami niliogopa kwamba nimemnyang'anya kitu. Kiisha akasema: «Padri, mama alinitajia jina la yule aliyewaleta Simba nyumbani. Alikuwa jirani. Walibatizwa na baba siku moja.»

Nilimwuliza kwa nini hakunitajia habari hiyo tangu mwanzo. Akasema: «Kumwita mkomunisti kulikuwa rahisi.»

Katika daftari la nia za Misa, tarehe 2 Novemba, aliandikisha majina mawili.